UZI: Nimejenga injini ya 5A-FE (ya Toyota Carina) kutoka bloki tupu, mara yangu ya kwanza. Karibuni tujadili vipimo

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Carina TI ya mzee ilinoki mwaka jana tukitoka Dodoma, hatujafika hata Gairo. Taa ya oili iliwaka, ndugu yangu aliyekuwa kwenye usukani akasema tusogee kidogo hadi penye watu. Hatukufika. Injini iligonga kwa dakika moja hivi, ikatoa kishindo, oili ikatapakaa kwenye lami. Niliinama na tochi nikaona konrodi (mkono unaoshika pistoni) ya silinda ya tatu imetokeza ubavuni mwa bloki, yaani mwili wa injini wenye silinda. Tundu lenyewe linaingia vidole vitatu.

Siku zilizofuata kila mtu alinipa ushauri uleule: tafuta injini ya used, funga, maisha yaendelee. Kwa mtu ambaye gari ndilo linamlisha, hata mimi ningemwambia hivyo. Letu ni la nyumbani, lingeweza kusubiri. Hedi (kichwa cha injini) ilikuwa nzima, na nilikuwa na hamu ya miaka mingi ya kujua mle ndani kukoje. Kazi yangu ni kufundisha hesabu. Kwenye injini sikuwahi kugusa zaidi ya plagi na filta. Nikaamua kununua bloki tupu nijenge mwenyewe, huku fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwenye subira sana, akinisimamia kwa karibu.

Imechukua miezi minne ya Jumamosi na Jumapili. Gari limerudi barabarani, limetembea kilomita 2,300 na halili oili. Naandika kirefu kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili nilikuta watu wanaeleza kufungua na kufunga, kupima hawakugusi. Injini hii ingekufa tena ndani ya wiki kama nisingepima kazi niliyokabidhiwa nikiambiwa "tayari, kafunge". Nitafika huko.

Mleta uzi (inaendelea)

Bloki kwanza. 5A-FE ni ya cc 1498: silinda ina kipenyo cha milimita 78.7 na pistoni inasafiri milimita 77. 4A na 7A ni ndugu zake, ila silinda zao ni milimita 81. Kwa hiyo ukienda kwa wauza used usiseme tu "bloki ya Carina". Taja injini, kisha hakikisha.

Bloki ya kwanza niliyoonyeshwa Ilala ilikuwa inang'aa na bei yake ilikuwa nzuri. Tatizo, kofia za meini zilikuwa kwenye ndoo, zimechanganywa na za bloki nyingine. Kofia ni vile vipande vitano vinavyoishika krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa chini. Fundi wangu aliziangalia, akaniambia tuondoke. Njiani akanieleza kwamba kiwandani lile tundu linalokaa krenki huchongwa kofia zikiwa zimeshafungwa kwenye bloki yake. Kila kofia ni ya bloki moja na ya nafasi moja, ndiyo maana zina namba 1 hadi 5 na mshale unaoelekea mbele. Ukifunga za bloki nyingine, mstari wa krenki unapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, beringi zikaanza kuliwa upande.

Bloki ya pili ilikuwa na kutu na tope, lakini kofia zake zote zilikuwa mahali pake, boliti hazijaguswa. Tukachukua hiyo. Daini risiti, wakuu. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Bloki nyingine ni namba nyingine, na kadi itabidi ikabadilishwe TRA.

Nyumbani tuliisugua uso wa juu, tukalaza rula ya chuma iliyonyooka kwa marefu, kwa mapana na kwa pembe, tukijaribu kupitisha fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya) chini yake. Kitabu cha ufundi cha injini hizi kinaruhusu upindo usiozidi milimita 0.05. Jani la 0.05 halikupita popote. Hapo nikapumua.

Silinda zilikuwa habari nyingine. Unapima kila moja kwa vina vitatu, juu, katikati na chini, na kila kina unapima mara mbili: kufuata urefu wa krenki, kisha kukatisha. Hivyo ni vipimo 24. Nilivichora kwenye daftari kama jedwali la darasani na picha ikajitokeza yenyewe. Juu kumeliwa kuliko chini, na upande unaokatisha krenki umeliwa kuliko ule mwingine, kwa sababu ndiko pistoni inakosukumwa moto unapolipuka. Silinda ya kwanza ilisoma 78.86 juu na 78.75 chini. Ukiweka ringi mpya za pistoni kwenye silinda ya namna hiyo, mdomo wa ringi (mwanya kati ya ncha zake) unafunguka na kufumba kila pistoni inapopanda na kushuka, na oili inapita. Ikabidi kuchonga silinda ziongezeke milimita 0.50, yaani ovasaizi ya 0.50, ambayo kwa hesabu ya inchi wengine mnaiita twenti.

Mdau wa Tabata

Mkuu hongera, lakini hesabu haiji. Kuchonga silinda, pistoni, ringi, beringi, gasketi, kusaga krenki. Si ungepata injini nzima ya used na chenji ikabaki?

Mleta uzi

Ni kweli mkuu, fedha haikunipa unafuu. Pistoni na ringi ndizo zilizokula zaidi, zikafuatiwa na kazi ya mashine. Nilichopata ni kujua kilichomo, kipimo kwa kipimo. Injini ya used unainunua ikiwa imefumba mdomo. Inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa imeshapata joto kali huko ilikotoka. Kwa mwenye haraka bado namshauri used, ila apime kompresheni kabla ya kulipa.

Mleta uzi (inaendelea)

Nunua pistoni KWANZA, halafu ndiyo upeleke bloki kwa wachongaji. Mpe fundi pistoni zote nne mkononi pamoja na karatasi ya mtengenezaji inayosema nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda. Ovasaizi ya kampuni moja haifanani kabisa na ya nyingine, na mchongaji mzuri huchonga kila silinda kwa pistoni yake. Akimaliza anapitisha mawe ya kuhoni, yanaacha mikwaruzo inayopishana. Mikwaruzo hiyo inatakiwa. Ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi.

Sasa kuosha. Hapa nawaomba msiwe na haraka. Unga wa mawe ya kuhoni unajificha kwenye ile mikwaruzo, na petroli au dizeli haiutoi, inausambaza tu. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, unasugua kama unasugua sufuria ya ugali. Plagi za njia za oili zitolewe, kila njia ipitishwe brashi ndefu nyembamba, ioshwe, ipulizwe na kompresa. Njia kuu ya oili ya bloki yangu ilitoa uchafu mweusi wa kutosha kijiko cha chai. Hiyo ni bloki ambayo kwa nje ilishaoshwa mara mbili. Uchafu ule ungekwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Kipimo cha usafi ni kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Futa silinda. Kikitoka na ukijivu, rudia. Mimi nilirudia mara tano. Na ukimaliza kukausha paka oili papo hapo, usiseme ngoja ninywe chai kwanza. Kwa hewa hii yetu ya Dar nilichelewa kidogo tu kwenye silinda ya nne, nikakuta rangi ya kutu imeshaanza kuchungulia.

Mdau wa Nairobi

Asante sana ndugu yangu kwa kuandika haya. Hapa Nairobi spea hizi tunapata Kirinyaga Road, lakini shida ni vifaa vya kupimia. Maikromita na boa geji ni ghali kwa mtu anayejenga injini moja. Ulifanyaje?

Mleta uzi

Karibu sana. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na fila geji nilinunua, hivyo vitakufaa maisha yote. Maikromita na boa geji niliazima kwa mchongaji mmoja wa Gerezani, nikawa napimia palepale kwake saa za jioni. Wengi hawakatai ukienda kwa heshima na daftari mkononi. Kwa nafasi ya beringi kuna kijiuzi cha plastiki kinachoitwa Plastigauge. Bei yake ni ndogo na ndicho kilichoniokoa. Naeleza sasa hivi.

Mleta uzi (inaendelea)

KRENKI. Ya zamani ilikuwa imechubuka vibaya pale konrodi ilipofia, nikanunua nyingine ya used. Nayo ilikuwa na mistari, nikaipeleka ikasagwe kwa karakana moja (jina naliacha). Ilirudi inang'aa kama kioo, imepakwa grisi, imefungwa karatasi. Nikaambiwa imesagwa 0.25, yaani teni, nikafunge. Nikanunua beringi za teni, za meini na za konrodi.

Nililaza krenki kwenye bloki, nikafunga kofia za meini, nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka laini kabisa. Nikataka kuendelea na pistoni. Fundi wangu akauliza, "Umepima?" Nikamwambia mbona inazunguka. Akarudia swali lilelile.

Kijiuzi cha Plastigauge ni chembamba kama uzi wa kushonea. Unafuta oili yote, unakata kipande cha upana wa beringi, unakilaza juu ya jonali (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi), unafunga kofia kwa toki kamili, na HUZUNGUSHI krenki hata kidogo. Unafungua. Uzi umebanwa ukawa utepe. Unaulinganisha na michoro iliyo kwenye karatasi yake: utepe mpana maana yake nafasi ni ndogo, utepe mwembamba nafasi ni kubwa.

Meini zote tano zilikuwa ndani ya kiwango. Kitabu cha injini hizi za A kinataka 0.015 hadi 0.033, na zangu zilikuwa karibu 0.03. Nikahamia konrodi, ambako kinataka 0.020 hadi 0.051. Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu nilipofungua kofia nilikuta utepe mpana upande wa kushoto, ukipungua na kupungua hadi upande wa kulia ukawa karibu na uzi kama nilivyouweka. Umbo la karoti. Upande mmoja 0.04, mwingine unakaribia 0.09.

Nilidhani nimekosea kuulaza. Nikafuta, nikarudia, karoti ileile. Nikabadilisha beringi na ya silinda ya pili, karoti ikabaki kwenye jonali ya tatu. Kesho yake nikaazima maikromita. Jonali ya konrodi ikiwa mpya ni milimita 40.00, ya teni iwe kama 39.75. Ya tatu ilisoma 39.75 upande mmoja na 39.70 upande wa pili. Kitabu kinaruhusu tofauti isiyozidi 0.02.

Yaani silinda ileile iliyotoboa bloki ya zamani. Ningefunga hivyo, oili ingekimbilia upande wenye nafasi kubwa, upande wa pili ungebeba mzigo wote peke yake.

Nilirudi pale na daftari, na vile vitepe viwili nimevibandika kwenye karatasi kwa selotepu. Mwenye karakana alipima mbele yangu, akakubali, wakasaga jonali zote nne za konrodi hadi 39.50 bila kunitoza. Beringi za konrodi za teni zikawa hasara yangu, nikanunua za twenti. Safari hii nilipima kabla sijaondoka mlangoni.

Fundi wa Mbeya

Mimi nimefunga injini zaidi ya miaka ishirini. Tunafunga, tunazungusha kwa mkono, ikiwa laini inatosha. Hayo ya uzi sijawahi kutumia na magari yanatembea.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Mkono wako wa miaka ishirini siwezi kujilinganisha nao, na naamini unasikia mengi nisiyoyasikia. Ila krenki yangu ilizunguka laini ikiwa na jonali ile mbovu, kwa sababu mkono unasikia panapobana na hausikii palipolegea. Wateja wako wakirudi na mlio baada ya miezi mitatu, jaribu mara moja tu kuweka huo uzi kwenye injini inayofuata. Nitafurahi ukituletea majibu hapa, hata yakiwa kinyume changu.

Fundi wa Mbeya

Marahaba kijana. Hilo la palipolegea ni hoja. Nitautafuta.

Mleta uzi (inaendelea)

Ringi. Usiamini boksi. Ingiza ringi kwenye silinda yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, kisha pima mdomo wake kwa fila geji. Ringi ya juu ya silinda ya pili ilisoma 0.15. Ikipata moto inarefuka, midomo inagusana, haina pa kwenda, inakwangua silinda au inavunjika. Nikaipiga tupa taratibu, nikielekeza tupa ndani ili isimenye nje, hadi 0.30. Herufi iliyopigwa juu ya ringi iangalie juu. Zile za oili ni vipande vitatu, na kile cha katikati chenye mawimbi ncha zake zigusane, zisipandane.

Kubandika pistoni kwenye konrodi niliwaachia wenye presi. Kuziingiza kwenye bloki nilifanya mwenyewe: vipande vya mpira wa petroli juu ya boliti za konrodi zisikwaruze krenki, oili nyingi, alama ya pistoni kuelekea upande wa belti, kisha gonga kwa mpini wa nyundo polepole. Ikikataa, simama. Mara nyingi ni ringi imetoka kwenye kibanio. Baada ya kila pistoni nilizungusha krenki, kukiwa na kitu kigumu nijue ni ya ngapi.

Hedi inashikwa na boliti kumi, na hazilingani: fupi zinakaa upande wa inteki (hewa inakoingilia), ndefu upande wa egzosi (moshi unakotokea). Matundu yake kwenye bloki yakaushwe kabisa. Tundu likibaki na maji au oili chini, boliti inapoingia inaibana, na kimiminika hakibanwi, kinaweza kupasua bloki. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Hapa kuna mtego: kuna toleo la injini hizi za A linalokazwa kwa toki moja kwa moja, na lingine linakazwa 29 Nm, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Tafuta la injini yako hasa, usichukue la jirani. Kwa zile nyuzi nilipaka doa la rangi kwenye kila boliti nikifuata linavyozunguka.

Belti inazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja tu, nayo inazungusha mwenzake kwa gia. Gia moja ni pacha yenye springi. Kabla hujaitoa ifungie kwa boliti ndogo ya milimita 6 ili isifyatuke. Ukishafunga belti zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, alama zirudi pale pale, ndipo ufunike.

Oili pampu niliijaza mafuta ya mgando ndani, isizunguke kavu. Siku ya kuwasha nilitoa plagi zote nne, nikatoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), nikapiga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazima. Hapo tu ndipo plagi zikarudi. Iliwaka mara ya pili ya kupiga stata. Mzee alikuwa amekaa kibarazani. Hakusema kitu, alikuja akaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu akakiacha pale mpaka kilipopata joto.

Haikuachwa kwenye silensa, yaani ikinguruma bila gesi, kwa muda mrefu. Ringi zinakaa kwa mzigo, kwa hiyo ilipofikia joto lake tuliingia barabarani: kupanda gesi kwa wastani, kuachia injini ijizuie yenyewe, kupanda tena. Mwendo mkali hapana, kubebesha mizigo hapana.

Dada wa Kibaha

Kaka umeandika vizuri mno. Oili ya kwanza uliibadilisha baada ya kilomita ngapi, na uliikuta na hali gani?

Mleta uzi

Asante dada. Baada ya 500. Filta niliikata nikakunjua karatasi yake juani: kulikuwa na vumbi linalometameta, laini kama la rangi, hakuna kipande cha kushikika kwa ukucha. Nikabadilisha tena kwenye 1,500, filta ya pili karibu haina kitu. Kompresheni nilipima siku hiyo hiyo, silinda zote nne zikiwa kati ya PSI 175 na 180.

Mdau wa Mwanza

Mkuu nina 4A nimeifungua, krenki haijawahi kusagwa. Kwenye bloki nimeona namba 2 1 2 2 3, na kwenye krenki 1 1 0 1 1. Muuza beringi ananiambia "standadi ni standadi". Ni kweli?

Mleta uzi

Hapana mkuu, standadi zenyewe zina unene tofauti, na hizo namba ndizo zinazochagua. Kwa kila meini jumlisha ya bloki na ya krenki: ya kwanza 2 na 1 ni beringi namba 3. Ya pili 1 na 1 ni 2. Ya tatu 2 na 0 ni 2. Ya nne ni 3. Ya tano 3 na 1 ni 4. Mwambie akupe 3, 2, 2, 3, 4 kwa mpangilio huo kuanzia upande wa belti. Ila hiyo 0 kwenye krenki kaisugue uisome tena kabla hujalipa, kisha uweke uzi.